Farasi wa Bi Taji

Kila siku baada ya kufua sare na kumaliza kazi za shule, binti wa fundi majokofu aliruhusiwa kuchezea simu ya mama yake kwa nusu saa. Mama, ambaye ndiye fundi huyo, alikuwa akiketi mlangoni, akisugua mabomba ya shaba kwa msasa huku viganja vyake vimejaa makovu ya kuungua. Binti hakuvitazama viganja hivyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shuleni aliitwa Bi Taji.

Jina hilo alijibandika mwenyewe. Nusu ya darasa lao walicheza mchezo mmoja wa simu, ambamo kila mchezaji alikuwa na mwanasesere wa kumtembeza katika jumba la kifahari. Wanasesere wa wengine walivaa gauni la kijivu, lile la bure. Wa kwake alivaa taji la dhahabu.

"Nyinyi na magauni yenu ya kijivu," aliwaambia wenzake huku akibinua midomo. "Mnafanana na wafungwa waliopanga foleni ya uji."

"Taji umenunua kwa hela gani?" aliuliza jirani yake wa dawati, aliyeitwa Dodosa kwa wingi wa maswali yake.

"Hela ni mambo ya kishamba. Unabonyeza tu."

Ni kweli alikuwa akibonyeza tu. Kila alipogusa kitu kizuri, simu ilimwuliza: "Ulipie kupitia bili ya simu?" Chini yake palikuwa na maelezo marefu kwa herufi ndogo. Bi Taji hakuyasoma, kwa kuwa kusoma nako alikudharau. Alibonyeza Ndiyo. Taji likaja. Viatu vya kioo vikaja, jozi tisa. Farasi mweupe akaja, kisha mabawa ya farasi, maana farasi asiye na mabawa alionekana wa kimaskini mno. Kila mara ujumbe uliingia kusema laini imetozwa. Alipousoma wa kwanza, alimtupia mama jicho kule mlangoni. Akaufuta. Uliofuata aliufuta bila kuusoma.

Laini ya mama ilikuwa ya kulipiwa mwisho wa mwezi, kwa sababu fundi hawezi kuishiwa salio katikati ya kazi. Kampuni ya simu ilikuwa imeiwekea kikomo cha deni. Jumatatu moja jioni kikomo kikafika, na laini ikafungwa. Haikupiga wala kupokea.

Kesho yake mama alishinda kwenye chumba cha baridi cha mwuza nyama, simu ikiwa mfukoni, kimya. Alirudi nyumbani alasiri na kumkuta nesi mkuu wa zahanati, ambayo jokofu lake yeye ndiye hulitunza, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, Sista," mama alisema.

"Sijaja kukaribishwa. Jokofu la chanjo limezima tangu alfajiri. Nimekupigia mara kumi na moja! Chanjo zote zimeharibika, na kina mama ishirini na sita wamerudi makwao na watoto wao hivyo hivyo. Ukipata kazi kubwa, sisi wadogo hutuoni?"

Mama akaitoa simu, akaibonyeza, akaiweka sikioni. Uso ukambadilika. "Wameifunga laini yangu! Na mimi nililipa, Sista."

"Kila fundi ana hadithi yake," alisema nesi. "Mwezi ujao tutatafuta mwenye simu inayoita."

Mama hakubishana. Alibeba sanduku la vifaa, akamfuata, akalitengeneza jokofu bila kudai malipo. Bi Taji, aliyesikia yote, alibaki chumbani, amekunja miguu kitandani.

Kesho yake baada ya shule, mama alimchukua wakaenda ofisi ya kampuni ya simu. Mhudumu wa dirishani, kijana mwenye tai iliyombana shingo, akafungua kumbukumbu na kuzisoma kwa sauti iliyowafikia wote waliokuwa kwenye foleni.

"Taji la dhahabu. Viatu vya kioo, jozi tisa. Farasi. Mabawa ya farasi. Chakula cha farasi." Akainua macho. "Mama, huyo farasi unamfuga wapi?"

Foleni nzima ikacheka.

"Wezi wakubwa nyinyi!" mama alifoka. "Mimi na farasi wapi na wapi? Mnanizushia ili mnile hela zangu!"

Mhudumu akasukuma karatasi. "Basi tia saini hapa, kwamba hakuna mtu wa nyumbani kwako aliyenunua. Tutachunguza. Ikibainika ni uongo, laini hii huipati tena."

Mama akashika kalamu. Bi Taji aliutazama mkono ule wenye makovu ukishuka kwenye karatasi.

"Mama, usitie saini," alisema. "Ni mimi."

Mama akaiweka kalamu polepole.

"Naungua mikono ili ule ushibe," alisema, "kumbe wewe unamlisha farasi asiye na tumbo."

Alimwomba radhi mhudumu, akalipa sehemu ya deni, na akaagiza njia ile ya manunuzi ifungwe. Laini ikafunguliwa. Kisha akasema, "Sasa twende zahanati. Nitakuwa nyuma yako, lakini utaongea wewe."

Chanjo mpya zilikuwa zimeletwa asubuhi, na kina mama walikuwa wamerudi kupanga foleni. Bi Taji aliamkia, kisha akasimulia yote, mabawa pamoja na ujumbe alioufuta. Nesi alimtazama kama mtu anavyotazama doa kwenye shuka safi.

"Yule pale," alisema, akimwonyesha mama kijana aliyekaa mwisho wa benchi, "jana alitembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi, mtoto mgongoni. Yote hayo ili mwanasesere wako aruke?"

Yule mama alikuwa amevua kandambili. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka. Machozi yakamtoka Bi Taji, na hapakuwa na mtu wa kumbembeleza.

Nesi akamgeukia fundi. "Nisamehe, dada. Nilikuhukumu bure. Kazi ya jokofu bado ni yako." Kisha akamtia binti kitambaa mkononi. "Na wewe, kila Jumamosi ya mwezi huu utafuta mabenchi haya."

"Ndiyo, Sista."

"Sikiliza vizuri. Kubonyeza ni kununua. Ukinunua kwa laini ya mwenzako bila kumwambia, umeiba, hata kama hukugusa sarafu. Simu ikikuuliza swali tena, lisome kwa sauti mbele ya mama yako. Ukiona haya kulisoma, basi jibu ni Hapana."