Ziwa la Kushoto

Mimi si mwoga. Uliza Issuna nzima, watakwambia Mama Pendo mdomo wake haumwogopi mtu. Lakini jioni ile, natoka mashineni kusaga, unga kichwani, Pendo wangu wa miezi mitatu mgongoni, nikamkuta mama mmoja amekaa kando ya shamba la alizeti.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Mtu mzima asiyeitikia shikamoo! Ningekuwa na akili ningeongeza mwendo.

"Una maziwa, mwanangu?" alinong'ona. "Macho yananiuma... Nidondoshee."

Kwetu mama anayenyonyesha hakatai. Mtu jicho likimuuma unamkamulia matone mawili matatu, anashukuru, basi. Nikatua unga. Nikainama.

Mungu wangu... Macho yale yalikuwa yametoka nje, mekundu. Tone likaanguka katikati ya jicho.

Hakupepesa.

Nikasikia harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Sasa nitalala," akasema.

Sikuaga. Nilibeba unga wangu nikakimbia, unamwagika njia nzima.

Wiki ya tatu macho yangu yakaanza kukereketa, utadhani yametiwa mchanga. Kisha yakavimba. Moyo unadunda hata nimekaa. Nakula sahani mbili mbili na bado nakonda. Asubuhi moja mama mkwe wangu, Bibi Yasinta, aliniamsha.

"Mama Pendo, unalala macho wazi."

Nikamsimulia yote. Hakuuliza sura ya yule mama wala nguo alizovaa.

"Ulimkamulia ziwa lipi?"

"La kushoto."

Akakaa chini. "Mtoto usimpe tena hilo."

Nilimuuliza sababu, nikambembeleza, nikamfokea kabisa. Akainuka, akaenda kuchochea moto. Basi nikatii. Nimeshazika wawili kabla ya Pendo, nitabishana na nani?

Hospitali mjini, Daktari Leonard alinipapasa shingo, akachukua damu. Majibu yalipotoka akanieleza taratibu: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na kinga ya mwili imegeuka, inashambulia nyama zilizo nyuma ya macho. Ni wachache inaowafika kwenye macho namna hii, akasema, na wengine huanza baada ya kujifungua. Jamani, nililia kwa furaha! Kumbe ni ugonjwa, una jina, una vidonge. Nikamuuliza habari ya ziwa. Akacheka.

"Damu ni moja, mama. Kwa dozi hii nyonyesha yote mawili."

Nilirudi na vidonge, dawa ya matone na plasta ya kufungia macho nikilala. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari amesema ya kwako," akaniambia. "Ya Pendo amesemaje?"

Nikaziweka dawa mezani.

Nikampakata mtoto. Nikampa la kulia, maana roho ilisita. Akalitema, yeye aliyekuwa akilinyonya peke yake tangu nimkataze la kushoto. Nikampa tena, akageuza uso, akalia mpaka sauti ikamkauka. Maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akatema. Siku nzima hivyo. Siku ya pili midomo ikamkauka, utosi ukabonyea. Nikakimbia naye zahanati. Nesi akanigombeza: mtoto ana njaa, mnyonyeshe!

Tunarudi nyumbani, na la kushoto lilikuwa linavuja lenyewe, limelowesha khanga.

"Mama, nifanyeje?"

Mama mkwe akatoka nje bila kugeuka.

Nikafungua blauzi. Wala sikumwelekeza... alilipata mwenyewe. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia. Akashiba, akalala, pumzi zinashuka taratibu.

Macho wazi.

Nikaweka kidole kwenye kope zake, nikazishusha polepole. Nikatoa kidole.

Zikapanda.

Kesho nampeleka kwa Daktari Leonard. Atanipa jina la hili pia, najua, na nitamwamini, sina njia nyingine. Lakini kesho iko mbali. Pendo ameamka sasa hivi, analia, na la kulia hataki hata kulitazama. Nami nafungua blauzi.