Ekzosi ya Upande wa Kulia

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Wegesa alikuwa na safari tatu. Ya kwanza kutoka shuleni kwenda kwa bibi yake kula ugali wa mtama, ya pili kutoka kwa bibi kwenda kivukoni kuosha magari, na ya tatu kutoka kivukoni kwenda uwanjani kufanya mazoezi ya netiboli. Hakuna hata moja aliyoifanya kwa kutembea. Bibi yake, Waisiko, alikuwa akisema mjukuu wake huyo alizaliwa akikimbia, na mkunga alimdakia mlangoni.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Zamani gari likipita kijijini Nyarero hata mbuzi walisimama kulitazama. Sasa magari ya wachimbaji na wanunuzi yalishuka kivukoni asubuhi na jioni, yakiwa yamejaa tope mpaka kwenye vioo, na watoto wa kijiji wakapata kazi ya kuyaosha. Wengi walikuwa wavulana. Mkubwa wao alikuwa Nchagwa wa darasa la saba, kijana mwenye ndoo mbili na maneno ya kujaza ndoo kumi.

"Wegesa, gari si sufuria," alimwambia siku ya kwanza.

"Ndiyo maana linakushinda," Wegesa alijibu. "Hata sufuria hujui kusugua."

Gari lililogombewa kuliko yote lilikuwa Landrova ya Bwana Stanslaus, mnunuzi wa dhahabu. Nyuma lilikuwa wazi, na mabenchi mawili ya kukalia abiria. Nyuma tu ya kichwa cha gari zilisimama ekzosi mbili za kromu, yaani mabomba ya kutolea moshi, moja kushoto na moja kulia, zimeelekea juu ili maji ya mto yasiingie. Watu waliopanda nyuma asubuhi za baridi walizisogelea kuota moto. Stanslaus alizipenda ekzosi zile kuliko meno yake, na meno yake mawili yalikuwa ya dhahabu.

Siku ya Alhamisi alilileta gari kivukoni, akashuka, akajishika kiuno.

"Jumamosi naipeleka timu yenu ya netiboli Machochwe," alisema. "Watu wa Serengeti watanitazama. Nataka ekzosi zing'ae mpaka ndege wajitazame. Nani anaweza?"

Wavulana walitazama chini. Ekzosi ya kulia ilikuwa na mabaka mekundu. Mwezi uliopita Nchagwa aliisugua kwa mchanga na waya wa chuma, kromu ikabanduka, na shaba iliyokuwa chini yake ikachungulia.

"Hiyo ya kulia imekufa, mzee," Nchagwa alisema.

"Imekufa kwa mkono wa nani?" Wegesa aliuliza. Kisha akasogea mbele. "Nipe mimi. Zote mbili."

Stanslaus alicheka, meno yakawaka. "Wewe? Haya. Lakini ukishindwa, sitaki kukuona tena kivukoni hapa."

"Na nikiweza, huyu mwenye ndoo mbili asinitajie sufuria tena."

Alianza na ya kushoto. Alingoja kwanza ipoe, kwa sababu kromu ya moto ikimwagiwa maji baridi inaingia madoa. Akaondoa tope na kinyesi cha ng'ombe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Akachukua karatasi za fedha zinazotoka ndani ya pakiti za sigara, akazikunjakunja, akazichovya majini, akasugua vidoa vya kutu polepole, kama mtu anayemfuta mtoto usoni. Kutu ikaachia bila kuikwaruza kromu. Akasuuza, akakausha kwa kipande cha kanga, akamalizia kwa kupaka nta kidogo ili unyevu usipate pa kushika. Ekzosi ya kushoto ikawa kama kioo. Nchagwa alijiona ndani yake, na hakupenda alichokiona.

Akahamia ya kulia. Alisugua, na mabaka yakazidi kuwa mekundu. Aliongeza sabuni, yakawa mekundu na safi. Jua lilikuwa linashuka. Wavulana wakaanza kuimba, "Sufuria imeungua! Sufuria imeungua!"

Hapo ndipo Wegesa alipokumbuka chupa ya mjomba Heche.

Mjomba wake alikuwa mchimbaji, na kama wachimbaji wote alikuwa na zebaki ya kukamatia dhahabu mchangani. Watoto wa Nyarero walijua mchezo mmoja. Ukichukua sarafu nyekundu ya senti tano, ukaisugua kwa tone la zebaki, inageuka nyeupe kama fedha. Wegesa alikimbia nyumbani kwa mjomba, akaichomoa chupa kwenye nyasi za paa, akamimina matone kwenye kitambaa na kurudi mbio. Akajibanza upande wa pili wa gari, akasugua. Shaba ikaivuta zebaki ndani kama ardhi kavu inavyovuta mvua. Mabaka yakatoweka. Ekzosi ya kulia ikawaka kupita ya kushoto.

Wavulana walisogea karibu. Stanslaus aliizunguka Landrova mara mbili.

"Umetumia nini?"

"Jasho," alisema Wegesa, kidevu juu.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Stanslaus alifurahi mpaka akakataa kuwasha gari. Aliwaita vijana walisukume mpaka uani kwake, hatua mia tu, ili moshi usizichafue ekzosi zake kabla ya Jumamosi. Akazifunika kwa turubai. Wegesa alikwenda mazoezini akiwa amejaa sifa. Siku hiyo alifunga magoli tisa.

Kesho yake, Mwalimu Elieth, mwalimu wa sayansi na kocha wa timu, aliandika neno moja ubaoni: ZEBAKI.

"Nyumba nyingi hapa zinayo," alisema. "Kuishika kwa mkono ni vibaya. Kuipasha moto ni vibaya zaidi. Inageuka mvuke. Huuoni. Huunusi. Unaupumua tu. Baadaye mikono inatetemeka, kichwa kinasahau, figo zinaharibika. Na mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima."

Wegesa alimkumbuka mjomba Heche, ambaye siku hizi kikombe chake cha chai kilifika mdomoni kikiwa nusu. Awino, rafiki yake wa dawati moja na mdakaji bora wa timu, alimnong'oneza:

"Kesho nakaa kona ya kulia, usinipokonye. Mimi baridi ya alfajiri siiwezi. Ile ekzosi ni jiko la bure."

Wegesa akafunga daftari. Jioni alifika kwenye lango la Stanslaus, akainua mkono abishe. Akawasikia wavulana wanapita wakisema, "Yule Wegesa ni fundi kweli." Mkono ukashuka, miguu ikamrudisha kwa bibi.

Bibi Waisiko alimtazama mara moja. "Ugali umekukosea nini? Hujaugusa."

Wegesa akamwaga yote, kuanzia chupa mpaka "zote mbili". Bibi hakupiga kelele. Alimwosha mikono kwa sabuni mara tatu, akauliza kitambaa kiko wapi, akakitia kwenye kopo lenye mfuniko.

"Jumatatu nakupeleka zahanati wakuangalie," alisema. "Heche alipochoma dhahabu yake nyuma ya jiko langu, kuku wanne walitembea kama wametoka kwenye pombe ya harusi. Na hakuna aliyeoa. Nilimfukuza yeye na karai lake."

"Bibi, nenda wewe ukamwambie Stanslaus. Wewe anakuogopa."

"Mimi? Mimi sikuosha gari la mtu. Mdomo uliosema 'zote mbili' ndio utakwenda kusema 'moja'. Nitakuja nyuma yako kutazama, kwa maana mimi ni mzee na sina sinema nyingine."

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mihogo. Wasichana kumi walipanda Landrova uani kwa Stanslaus wakiimba, Mwalimu Elieth akiwahesabu. Awino aliwahi kona ya kulia, akajikunyata karibu na ekzosi kama kifaranga. Stanslaus aliivuta turubai, watu wakapiga vigelegele. Akaingia kwenye usukani na kutoa funguo.

Wegesa akaenda mbele ya gari, akaketi chini, mgongo kwenye bampa.

"Nini hicho?" Stanslaus alitoa kichwa dirishani. "Toka hapo!"

"Sitoki."

"Mtoto huyu! Nasema toka, nawasha gari!"

"Usiwashe. Ekzosi ya kulia ina zebaki. Niliipaka mimi. Sikuiweza kwa jasho, nikadanganya. Ikipata moto, hao walioko nyuma wataivuta yote, na Awino wa kwanza."

Nyimbo zilikatika. Awino aliruka chini kama aliyekalia siafu. Nchagwa aliangua kicheko. "Si nilisema? Fundi wa sufuria!"

"Ndiyo, nilidanganya," Wegesa alimwambia bila kuinuka. "Na wewe uliyeibandua kwa waya, umeshamwambia mwenyewe?"

Nchagwa alikumbuka kwamba ana ndoo mahali.

Stanslaus alishuka, uso umekunjamana. "Sikiliza, binti. Mimi nimechoma dhahabu kwa zebaki miaka mitatu, mara nyingi tu, na kifua wazi. Nimekufa? Hizo ni hadithi za shule. Ondoka, tunachelewa."

"Sitoki."

"Nitamwita baba yako!"

"Mwite. Naye atanikuta hapa hapa."

"Unabishana na mtu mzima?"

Wegesa aliinua uso. "Shikamoo, Bwana Stanslaus. Nakuheshimu. Nyoosha mkono wenye funguo, tuone. Ukitulia, nitaondoka."

Stanslaus alicheka, akaunyoosha mkono mbele za watu wote. Funguo zilikuwa tano kwenye pete moja. Zikaanza kulia zenyewe, kama njuga za mchezaji ngoma. Aliukaza mkono. Zikalia zaidi. Akaushika kwa mkono wa pili, na sasa zikalia kwa mikono miwili.

Hakuna aliyecheka. Hata Bibi Waisiko, ambaye angeweza kucheka msibani, alitazama pembeni.

"Tangu lini?" Mwalimu Elieth aliuliza polepole.

"Tangu mavuno," alisema Stanslaus, na mara hii meno ya dhahabu hayakuonekana. "Nilidhani ni kahawa."

"Jumatatu nakwenda zahanati na mjukuu wangu," alisema Bibi Waisiko. "Njoo, mwanangu. Foleni ni ndefu, utanichekesha."

Akaitwa Olima, fundi wa magari aliyekuwa na karakana yake chini ya mabati karibu na soko. Olima alivaa glavu za mpira na kuwaamuru watoto wakae mbali. Akafungua boliti nne na kuishusha ekzosi ya kulia ingali baridi. Aliifunga kwa nailoni tabaka tatu, akaandika juu yake HATARI kwa chaki, na mwalimu akasema itakwenda kwa bwana afya, si jalalani. Mahali pake Olima akafunga bomba kuukuu la chuma, jeusi kama chungu cha matanga.

Stanslaus alirudi nyuma hatua tano kulitazama gari lake. Kushoto kioo, kulia masizi.

"Nitaonekana kama mtu aliyevaa soksi moja," alilalamika.

"Wapo waliovaa mbili, na miguu inanuka," Bibi Waisiko alimjibu.

Wakaondoka saa moja na nusu. Wegesa hakucheza kipindi cha kwanza. Mwalimu Elieth alimweka benchi kwa ule uongo wake, na hakumbembeleza. Alicheza cha pili. Machochwe waliwashinda goli moja, na lile goli moja Wegesa alilikosa yeye mwenyewe, likamwuma kweli. Lakini wakati wa kurudi Awino alikaa palepale kona ya kulia, akalisogelea lile bomba jeusi, akasema, "Hili nalo lina moto wake mzuri." Wakalala wote mpaka kijijini Busawe.

Jumanne Wegesa alishuka kivukoni na ndoo yake, akijua kwamba huenda akafukuzwa. Landrova ilikuwa ikimngojea. Stanslaus alikaa kwenye jiwe, na karatasi ya zahanati mfukoni.

"Wamenikataza moshi wa zebaki kabisa," alisema. "Na hawa ng'ombe wameninyea kromu yangu. Osha."

"Ya kushoto nitaing'arisha," Wegesa alisema. "Ya kulia ni chuma. Nitaisafisha na kuipaka rangi ya kuvumilia moto isishike kutu, lakini haitang'aa. Nakwambia mapema."

"Sijauliza kama itang'aa. Nimesema osha."

Wegesa aliinama kuchota maji. Bibi Waisiko, aliyekuwa akipita na mzigo wake wa kuni, aliutua chini makusudi, maana hakuwahi kupitwa na mazungumzo maishani mwake.

"Wegesa, mjukuu wangu," alisema, "sikukukataza kiburi. Kiburi ni chumvi, msichana asiye nacho kabisa huliwa mbichi. Alhamisi ulikitumia kujisifu, ukatuletea sumu. Jumamosi ukakitumia kukaa mbele ya gari, ukatuokoa. Kiburi ni kilekile. Basi chagua kila siku utakikalisha wapi. Na kazi iliyokushinda, sema imenishinda. Aibu yake ni ya jioni moja. Uongo uliopakwa juu yake unangoja tu mtu awashe moto."

"Nimesikia, bibi."

"Vizuri. Sasa nitwishe kuni zangu. Na wewe Stanslaus, inuka umsaidie, usikae hapo kama mgonjwa."

"Lakini mimi ni mgonjwa, mama!"

"Ndiyo, wa mikono. Miguu nani aliigusa?"