Kivuli Kisichohitaji Ngazi

Kila asubuhi Fundi aliketi kwenye cherehani yake kabla chai haijapoa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kidogo. Kilikuwa na meza ya kukatia, kioo kimoja, na dirisha lililotazamana na ukuta. Ikifika saa nne, bati la juu lilikigeuza chumba kuwa tanuri. Wateja walimtania kwamba pasi yake haina haja ya makaa, aiache tu mezani itachemka yenyewe. Fundi alicheka nao, lakini kichwa kilimgonga mpaka jioni.

Mume wake alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita Breki, kwa sababu akianza kuzungumza hana. Mwaka uliopita alianguka akavunjika nyonga. Fundi alimuuguza miezi mitatu. Alimwosha, alimlisha, alimshika mkono mpaka akatembea tena.

Daktari alimwonya, "Mzee, kuanzia leo ngazi uzitazame kwa macho tu. Ukianguka tena, huenda usisimame."

Breki alipopata nafuu, alitaka kumshukuru mkewe. Alimwita seremala. Wakasimamisha nguzo nne uani, na juu yake wakapanga fito.

"Mama watoto," Breki akasema, "mimea itatambaa hapa juu. Wewe utashonea chini yake, kwenye upepo, kama malkia."

Machozi yalimlenga Fundi. "Ahsante, mume wangu. Sikutegemea."

Tatizo lilikuwa mmea wenyewe. Breki alitaka kivuli cha haraka. Akakata tawi la mmea uliofunika ghala bovu kando ya barabara, akalipanda chini ya nguzo.

"Kama umemeza ghala zima," alisema, "fito sita zitaushinda?"

Kweli hazikuushinda. Mmea ulikua mpaka Breki akapata kisa cha kusimulia kwenye kila baraza. "Asubuhi nilitundika kofia yangu kwenye tawi. Mchana nikaifuata kwa ngazi. Nikakuta mmea umeshaivaa, tena umeilaza upande!"

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Kofia ilikuwa ya uongo, lakini ngazi ilikuwa ya kweli.

Kila wiki Breki alipanda kuukata mmea. Akiacha wiki moja tu, uliingia chini ya bati na kuziba mfereji wa maji ya mvua. Tena ulizaa vitunda vyeusi vilivyodondosha maji ya zambarau. Nani ataweka kitambaa cheupe chini ya mmea kama huo? Fundi akabaki palepale kwenye tanuri lake.

Siku moja alikuwa akishona gauni la bibi harusi. Alitafuta mkasi wake wa kukatia nguo, hakuuona. Akatoka uani. Breki alikuwa juu ya ngazi, mkasi mkononi.

"Baba watoto! Huo si mkasi wangu wa nguo?"

"Nakata kidogo tu."

"Mkasi huo sikatii hata karatasi, wewe unakatia miti? Shuka!"

Breki alishusha mguu. Mguu ukanasa kwenye mmea uliojizungusha ngazini. Ngazi ikayumba. Akabaki ananing'inia kwenye ufito. Fundi alikimbia, akamkumbatia miguu, akamtelemsha polepole mpaka akagusa ardhi.

Fundi aliuokota mkasi wake.

"Sikitaki kivuli kitakachonipotezea wewe," akasema.

"Nilitaka kukushukuru tu," Breki akajibu kwa sauti ndogo.

Jirani yao alisikia makelele, akaingia uani. Alikuwa mtunza bustani wa hospitali, na kwa Fundi alikuwa kama dada.

"Shemeji," akamwambia Breki, "kwa umri huo bado unacheza sarakasi?"

"Nilikuwa napumzika huko juu, shemeji. Kuna hewa safi."

"Hewa safi nitakuonyesha mimi. Ulipouchagua mmea huu uliuliza nini?"

"Niliuliza kama unakua haraka."

"Swali moja tu? Tairi la lori ulikuwa unalichagua hivyo?"

"Aa, wapi! Tairi unatazama mzigo, unatazama barabara, unatazama litadumu muda gani."

"Basi na mmea ni vivyo hivyo. Utakua mpaka wapi? Nani ataukata, na mara ngapi kwa mwaka? Una miiba? Unadondosha nini? Jua la hapa linaufaa? Na nguzo zitaubeba ukilowa mvua?"

Breki akajikuna kichwa. Fundi akauliza, "Vipi bogenvilia, dada? Inapendeza sana."

"Inapendeza, na haihitaji maji mengi. Lakini miiba yake itachana nguo za wateja wako."

"Mzabibu, je?"

"Huo unataka kukatwa kwa utaalamu kila mwaka. Tena zabibu zitakudondokea kama hivi vitunda. Kwenu nyinyi inafaa asumini ya kutambaa. Haina miiba. Maua yake meupe yakianguka unafagia tu. Ikishika mizizi haikusumbui kwa maji. Mtaikata mara moja kwa mwaka, baada ya kuchanua, kwa mkasi wa mpini mrefu. Shemeji atasimama chini, miguu yote miwili ardhini."

"Kivuli tutakipata lini?" Breki akauliza.

"Miaka miwili hivi."

"Miwili! Hata lori langu bovu lingekuwa limeshafika."

"Lingefika bila dereva," Fundi akamkata. Hapo wote wakacheka.

Mambo yakaenda kama jirani alivyoeleza. Seremala alipanda ngazi kwa niaba ya Breki. Akaondoa mmea wa zamani, akafunga turubai juu ya fito kwa muda. Mizizi waliichimba yote. Matawi waliyakausha juani kwanza, kwa maana tawi bichi likigusa udongo huota tena.

Wakapanda miche miwili tu ya asumini, mbali kidogo na ukuta. Walichanganya udongo na samadi iliyooza, kisha wakatandaza majani makavu kuzuia unyevu usipotee. Msimu wa kwanza walimwagilia mara mbili kwa wiki. Fundi alifunga mashina kwenye nguzo kwa vipande laini vya nguo, akilegeza kiasi cha kidole kupita, ili shina linenepe bila kukabwa.

Mwaka wa pili turubai lilitolewa. Fundi alihamishia cherehani uani, na kile kichwa cha kila siku kikamwacha. Jirani alipopita, Fundi alimshika mikono yote miwili. "Dada, umenipa kivuli na umeniachia mume. Nikushukuru vipi?"

"Nishonee sare ya kazi," jirani akasema. "Na mifuko iwe mikubwa."

Breki naye sasa husimulia kwamba asumini yake ina adabu, hubisha hodi kabla ya kuchanua.

Asubuhi moja alitoka na kikombe chake cha chai, akaikagua asumini.

"Mama watoto, leo kuna kazi gani hapa?"

Fundi alitazama juu, akatazama chini. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Kaa nami."

Breki akavuta kigoda, akaketi karibu na mkewe.