Alama ya Kuuliza

SAA TANO ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili chafu. Bosi alikalia tairi. Shemeji alikalia ndoo iliyopinduliwa. Waya, fundi redio aliyefiwa na mke mwaka jana, alichuchumaa mbele yao na kompyuta.

"Kengele ya mnunuzi wa dhahabu haipigi kelele," Waya alisema. "Ukigusa kasiki, modemu ya redio iliyo kwenye kibanda cha mnara inawaita walinzi, chaneli saba. Tukiihamishia tisa, inaongea na hewa."

"Inahamishwaje?" aliuliza Shemeji, kaka wa huyo marehemu.

"Unaandika jina la amri. Ukimalizia na alama ya kuuliza, umeuliza tu: uko chaneli gani? Ukiweka vistari viwili vya sawasawa, halafu tisa, hapo umeamrisha."

"Kama kwako enzi zile. Dada anaamrisha, wewe unauliza."

Waya alicheka kidogo, kisha akakaza uso. "Shem, usinikosee. Nikikamatwa, mtoto hana mtu. Mama yake alifia kwenye benchi la hospitali, wakubwa wakingojana nani atie sahihi."

"Mimi si mjomba wake?"

Shemeji akajaribu kuandika amri mara tatu. Hakukosea hata herufi.

SAA NANE MCHANA

Mvua iliwafagia watu barabarani. Bosi alibaki kwenye gari, injini ikiunguruma. Shemeji alikuwa kwenye kibanda cha mnara na kompyuta. Ofisini kwa mnunuzi, Waya alipiga magoti mbele ya kasiki, keekee mkononi, redio ya upepo ya kuongea na Shemeji kifuani.

"Shem, tayari?"

"Tayari. Piga kazi."

Keekee iliuma chuma. Taa nyekundu ikapepesa mlangoni mwa kasiki: kengele imeita. Waya hakushtuka. Iite tu, nani anasikia?

"Modemu ilijibu nini?" aliuliza, mazoea ya kazi tu.

"Saba. Halafu oke."

Keekee ikanyamaza.

Modemu iliyoamrishwa husema oke, basi. Inayotaja namba ni ile iliyoulizwa. Shemeji alijua kuuza mtu. Kutunga jibu la uongo hakujua.

"Umeuliza, Shem. Hukuamrisha."

Waya alibonyeza redio tena.

"Shem!"

"Bosi kaongea na wakubwa wa polisi. Wanataka mtu mmoja, sisi wengine watuache."

"Ndiyo mimi?"

"Wewe huna mke wa kukulilia, Waya."

Nje, gari liliondoka taratibu, bila hata kupiga resi. Waya alirukia mlango wa nyuma, akavuta. Umefungwa kwa nje. Upande wa mbele, buti zilikuwa zinapanda ngazi.

"Mtoto usimwazie," sauti ya Shemeji ilikuwa imefifia. "Mke wangu ameshamtandikia kitanda."

Waya alikaa chini, mgongo kwenye kasiki.

"Mlipanga lini?"

"Jumapili."

Jumapili Waya alikula nyumbani kwa Shemeji, na mtoto pembeni. Shemeji ndiye aliyemwongezea nyama.