Mwacheni Mama Asimame

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Ana miaka sitini na saba. Chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba yetu, na dirisha lake linatazama barabara. Wateja wanamwita Fundi. Mimi namwita Mama, na kwa kweli amenilea tangu niolewe na mwanawe.

Mimi ni mpishi wa shule. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha. Siku yangu ya usafi ni Jumamosi.

Jumamosi moja nilideki bafu, nikatoka kwenda kuanika nguo. Sikumwambia mtu kwamba sakafu imelowa. Mama akaingia. Nikasikia kishindo, nikakimbilia ndani.

Nilimkuta ameketi sakafuni, ameushika mkono wake wa kulia. Pale mkono unapokutana na kiganja palikuwa pamepinda kama mgongo wa kijiko.

"Mama, ni mimi! Nimedeki, sikusema!"

"Acha kulia, mwanangu. Niinue kwa bega la kushoto. Huku kulia usiguse."

Hospitalini walimpiga picha. Mfupa ulikuwa umevunjika. Wakamfunga plasta ngumu kwa wiki sita.

Baada ya hapo tulikosea, na tulikosea kwa mapenzi. Mume wangu alisema Mama asishike kazi yoyote. Mimi niliikazia amri hiyo kuliko yeye, maana moyo ulikuwa unanisuta. Mama akitaka kuinuka, namwambia, "Kaa." Akitaka maji, "Kaa, nakuletea." Plasta ilipotolewa, bado nikamwambia akae.

Ikapita miezi mitatu. Cherehani ilifunikwa shuka. Mama alikula kitandani, na jua aliliona dirishani tu. Miguu yake ikakonda. Akawa anakwenda msalani ameshika ukuta. Mtu asiyekosa utani akawa hana la kusema.

Siku moja aliniambia, "Mnanitunza kama yai. Lakini yai kazi yake ni moja tu, kungoja kupasuka."

Nilitoka nje nikalia.

Jirani yetu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Mtaani tunamwita Nyoosha, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Jioni hiyo alileta sare yake ya kazi, mshono umefumuka. Akaikuta cherehani imefunikwa.

"Fundi yuko wapi?"

"Amelala," nikamjibu. "Hatumruhusu kufanya kitu. Tunaogopa atavunjika tena."

Nyoosha akavuta kigoda, akakaa. "Dada, nisikilize. Hivi mnavyomfanyia, ndivyo atakavyovunjika."

Nilishtuka. Mume wangu, aliyekuwa mezani, akaacha kula.

"Mfupa si jiwe," Nyoosha akaendelea. "Ni kitu hai. Kila siku mwili unaubomoa kidogo na kuujenga kidogo. Ujanani ujenzi unashinda. Umri ukienda, hasa mwanamke akikoma hedhi, ubomoaji ndio unashinda. Wanaume nao yanawapata. Sasa, mwili unajenga pale penye kazi. Mfupa usiobeba uzito unazidi kupungua."

Mama alikuwa amesikia. Akajikokota mpaka mlangoni. "Mimi nimekanyaga cherehani miaka arobaini. Hayo si mazoezi?"

"Mguu unacheza, Fundi, lakini uzito wako wote umekibebesha kiti."

Mama akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho kwa miezi mitatu.

"Na akianguka tena?" nikauliza.

"Hilo ni la kuogopa kweli. Kwa hiyo tutafanya yote mawili. Tutaimarisha mifupa na misuli, na tutaondoa vitu vya kumwangusha. Lakini kwanza aende kwa daktari. Mtu mzima akianguka kutoka kwenye kimo chake tu, na mfupa ukavunjika, mifupa yake ichunguzwe."

Juma lililofuata tulikwenda. Mama alilala chali juu ya meza, na mashine ikapita juu yake taratibu. Hakuchomwa wala hakuumia. Daktari alisema kipimo hicho hakipo kila hospitali. Pasipo na mashine, daktari humkagua mtu kwa umri wake, historia yake na vipimo vya damu.

Majibu hayakuwa mazuri. Mifupa ya nyonga na ya mgongo ilikuwa imepungua sana.

"Unavuta sigara?" daktari akamwuliza.

"Labda moshi wa jiko la huyu mkwe wangu."

"Pombe?"

"Ningekunywa, ningeshona mikono mitatu kwenye gauni moja."

Daktari alicheka, kisha akaeleza kwa makini. Alimpa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki. "Meza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji. Kisha usilale na usile kwa nusu saa. Kaa wima au tembea. Ukilala, inaweza kukuunguza koo." Alimpa pia vidonge vya vitamini D, kwa kuwa kipimo cha damu kilionyesha kwamba haimtoshi. Akasema tusimnunulie dawa nyingine kwa kusikia tu, maana si kila dawa inamfaa kila mtu.

Kuhusu chakula alinigeukia mimi. "Wewe ndiye mpishi?"

"Ndimi."

"Basi mpe maziwa au mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani, maharage na mayai. Misuli nayo inahitaji kula."

Tuliporudi nyumbani, mume wangu alichomelea bomba la kushikia, akalifunga kwenye ukuta wa bafu. Akabadilisha pia taa ya ukumbini iliyokuwa hafifu. Mimi nikaweka mkeka wa mpira usioteleza. Kandambili za Mama zilizokwisha soli nikazitupa jalalani. Alizililia kama ndugu.

Nyoosha akaanza kuja asubuhi, mara tatu kwa wiki. Alianza na kidogo.

"Kaa kwenye kiti. Sasa simama bila kushika kitu."

Mara ya kwanza Mama hakuweza. Alitoka nusu, akaanguka tena kitini. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumshika. Nyoosha akanizuia. "Kaa karibu yake, lakini mwache asimame."

Akajaribu tena. Akaegemea mbele, akajisukuma. Akasimama.

"Nyoosha mgongo!" jirani akasema. Mama akanyoosha, machozi yakimtoka.

Baadaye aliongezewa. Akawa anasimama ameshika sinki na kuinuka kwa vidole vya miguu. Akasimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Akausukuma ukuta kwa mikono miwili. Akanyanyua chupa ndogo za maji, na alipoziona nyepesi tukampa kubwa. Akapanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Kila siku alitembea kwa kasi, kwanza mpaka kona, kisha mpaka sokoni. Alifundishwa kuokota kitu kwa kukunja magoti, si kuinamisha mgongo. Mume wangu akaipandisha meza ya kukatia nguo, Mama asikate vitambaa ameinama.

Siku nyingine alikuwa mvivu. "Leo mifupa yangu ina sikukuu," alisema. Nyoosha alimjibu kwamba mifupa haina kalenda.

Jioni moja, tukichambua mboga, nilimwomba tena msamaha kwa siku ile ya bafuni.

"Sakafu iliniangusha, ni kweli," akasema. "Lakini mifupa ilikuwa imekwisha kimyakimya kabla yako. Nisingeanguka siku ile, nani angejua? Ningevunjika nyonga kesho yake. Mimi namshukuru Mungu, mwanangu. Na wewe nakushukuru, kwa kukubali kufundishwa."

Miaka miwili ilipopita, tulirudi kupima. Daktari akazitazama karatasi mbili, ya zamani na mpya.

"Nyonga haijapungua tena. Mgongo umepanda kidogo. Hujarudi kuwa kijana, Fundi, lakini hii ni kazi nzuri sana."

Tulipokuwa tunashuka ngazi za hospitali, mtu mwenye haraka alimpiga Mama kikumbo. Mama akayumba, akatupa mguu mmoja mbele, akashika kishikio cha ngazi. Akabaki amesimama.

"Samahani, mama!" yule mtu akasema.

"Pita tu, baba. Nimesimama."

Tukaenda nyumbani kwa miguu. Mimi ndiye niliyehema.

"Una miaka mingapi sasa?" akaniuliza.

"Arobaini na sita, Mama."

"Na kazi yako ni kuonja masufuria. Kesho tunaanza pamoja."

Nilidhani anatania. Asubuhi yake, jua linachomoza, nikasikia mlango wetu unagongwa kwa nguvu. Mume wangu akajifunika shuka kichwani. Nililala kidogo nikisikiliza, huku nikimshukuru Mungu kwamba anayegonga ni Mama.