Mnyapara wa Uwanja wa Ndege

Kosa la Aloyce Mligo lilikuwa kuitika. Alikuwa akipanda viazi pembeni ya uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, nje kidogo ya Lyamkena, asubuhi ya ukungu ule unaokuficha hata jembe uliloshika, akasikia mtu akiita kwa ukali: "Aloyce Mligo!" Naye, kama mtu aliyelelewa vizuri, akajibu, "Nipo."

Toka siku hiyo, kila ukungu uliposhuka aliacha uji mezani akatoka. Alirudi saa nne, viganja vimechubuka, nguo zinanuka mafuta ya ndege, wala hakumbuki alikokuwa. Kwa wiki tatu alikonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Mkewe, Dorosela, alimwita katekista, akanyunyiza maji ya baraka nyumba nzima, mpaka kwenye debe la mahindi. Kesho yake mume akatoka vilevile.

Ndipo akaja Emilia, shangazi yake Aloyce, kutoka Uwemba. Alipoviona viganja vile alikaa chini bila kukaribishwa.

"Anayeitwa si yeye," alinong'ona. "Ni babu yake. Tulimrithisha jina, kama tunavyofanya wote."

"Babu alifanya nini, shangazi?" Dorosela aliuliza.

"Wakati wa vita ya Hitla wanaume walichukuliwa kwa nguvu kujenga ule uwanja. Kushindilia udongo kwa magogo, kutwa nzima. Babu akatoroka. Mnyapara wao alifuga jini, watu walijua, akaapa kwamba litamwita mpaka aitike. Mnyapara alikufa. Jini likabaki na kazi."

"Na mtu akiishiwa nguvu?"

Emilia alishika rozari yake. "Walioishiwa nguvu walifukiwa palepale, mama. Wakashindiliwa."

Mwingine angeanza kwa kuogopa. Dorosela alianza kwa kukasirika, na woga ukamfuata nyuma ukihema.

Asubuhi iliyofuata alimfuata mumewe. Ukungu ulimmeza hatua ya tatu, harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na chini ya nyayo zake ardhi ikaanza kugonga, du, du, du, kama vinu vingi vikitwangwa kwa pamoja, hadi akawaona, safu ya wanaume wenye vumbi la mawe usoni, vichwa chini, magogo mikononi, na Aloyce wake katikati yao, huku sauti isiyo na mwili ikipita juu yao ikiita jina baada ya jina, na kila aliyeitwa akijibu "Nipo" kwa sauti iliyotoka ardhini, si mdomoni.

"Aloyce Mligo!"

Dorosela alimrukia mumewe akamziba mdomo.

"Hayupo," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Hayupo. Alikutoroka miaka themanini iliyopita, akaoa, akazaa, akafia kitandani kwake na pombe ya ulanzi tumboni. Ulishindwa kumpata akiwa hai, leo utaweza nini?"

Ardhi iliacha kugonga. Sauti ikaita jina lililofuata. Kisha mzee mmoja katika safu akainua uso wake wa vumbi akasema taratibu, "Hayupo." Wa pili naye akasema, "Hayupo." Magogo yakaangushwa moja baada ya jingine mpaka mwisho wa safu, sauti ikiita kwa hasira, ikiita mbiombio, na ukungu ulipopasuka hapakuwa na mtu ila Aloyce, akilia mikononi mwa mkewe.

Aloyce alipona. Shangazi Emilia akawasihi wahamie Makambako mjini, kwa sababu jini halijafukuzwa, limekosa watu tu.

"Tuhame sisi?" Dorosela aliuliza. "Lihame lenyewe."

Msimu huo aliacha kulima pembeni akalima katikati ya uwanja, akiupasua udongo ambao wanaume wale waliushindilia kwa roho zao. Ukungu ukashuka. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kitu kikaita, "Dorosela!"

Alikisikia vizuri. Akatia kiazi shimoni, akafukia, akasogea hatua moja, akachimba lingine.