Kisanduku Alichokifunga Hanadi

Asubuhi ile foleni ya mkate wa ufuta ilikuwa imefika barabarani, na Hanadi binti Fawwaz alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake. Mtu mwenyewe alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi kifuani na kusahauliwa mgongoni. Akaagiza mikate sita. Muuzaji akaitoa, akaufunga mlango wa tanuri na kutangaza kwamba waliobaki wasubiri robo saa.

"Kaka," Hanadi alisema, "hiyo sita ni yako peke yako?"

Kijana akageuka. Aliona koti la rangi ya zabibu, mtandio mweupe, na macho ambayo hayakuwa na haraka ya kucheka. "Yangu na ya wenzangu watano kazini."

"Basi leo mmoja wenu atafunga."

Kijana akampa mkate wake, na yai la kuchoma juu. Walishuka pamoja ngazi za kilima cha Weibdeh, kila mmoja akidhani mwenzake atakata kona. Hakuna aliyekata. Waliingia jengo moja, lifti moja, na wote wawili wakabonyeza ghorofa ya nne. Hanadi alikuwa anaanza kazi siku hiyo. Kijana aliitwa Muutasim, na ndiye aliyekuwa mkuu wa waandishi wa programu.

Kuanzia hapo usiniulize walipendana lini, maana wenyewe hawakujua. Ilitosha kwamba Muutasim alikuwa akimpigia simu kutoka meza yake, hatua kumi na tano tu.

"Injinia, unanipigia huku unaniona?"

"Kukuona nakuona, laazizi. Kukusikia ndiyo shida."

Kampuni yao ilitengeneza programu ya mashine zinazosafisha damu ya wagonjwa wa figo. Hospitali ikipata hitilafu, muuguzi anapiga simu, na Bi Itaf, mpimaji mkuu, anaichunguza na kuifungulia tiketi kwenye kompyuta. Tiketi ina visanduku vya kujaza: nini kimetokea, wapi, na kile kinachoitwa Uzito. Uzito ukiandikwa Hatari, toleo jipya la programu halitoki mpaka hitilafu itengenezwe. Ukiandikwa Kawaida, linatoka, hitilafu inasubiri.

Ugonjwa wa kampuni ulikuwa kwamba kila mtu aliweza kubadilisha kisanduku hicho. Siku ya kutoa toleo ikikaribia, Hatari zilikuwa zinageuka Kawaida kimyakimya, na kila aliyegeuza alikuwa na nia njema. Majira ya baridi yaliyopita, muuguzi mmoja huko Irbid alizungusha pampu ya damu kwa mkono saa nzima, jasho likimtoka, kwa sababu ya hitilafu ambayo mtu alikuwa ameiandika Kawaida. Mgonjwa alipona, lakini aliyeandika hakujulikana. Ndiyo maana Hanadi aliajiriwa.

Alifanya kazi miezi minane. Alichora safari nzima ya tiketi tangu inapozaliwa mpaka inapofungwa, akaamua nani aguse nini katika hatua ipi. Jambo la mwisho lilikuwa hili: tiketi ikishatoka mikononi mwa wapimaji, Uzito unafungwa. Anayetaka ubadilishwe airudishe kwao na kuandika sababu. Hanadi alijivunia kazi ile kama mama aliyeshona gauni bila kuacha uzi nje, na alikuwa na haki.

Tangazo lilitumwa kwa wote siku tisa kabla ya kisanduku kufungwa. Muutasim hakulisoma. Moyoni mwake aliamini kwamba matangazo ya Hanadi ni ya watu wengine, na hilo ni kosa la mtu aliyependwa akajisahau. Hanadi alijua kwamba hajasoma. Wakiwa mezani na sahani ya hummus, alitaka kumkumbusha, kisha akajizuia. Atapata walichopata wenzake, alijiambia, asije mtu akasema mchumba wa Hanadi ana njia yake. Wazee wa akina Muutasim walikuwa waje Ijumaa kuposa, wanaume arobaini, na viti vilikuwa vimeshaazimwa kwa majirani.

Kufuli lilianza kazi Jumatano. Saa nne asubuhi walifika wageni kutoka hospitali kubwa, nao wakaketi mbele ya skrini ukutani. Muutasim, akiwa na koti jipya la kijivu, aliwaonyesha kwamba toleo liko tayari, imebaki tiketi moja tu ya Hatari.

"Na hii wamekosea," alisema. "Ni waya wa mashine uliolegea, si programu. Naibadilisha sasa hivi."

Akabonyeza. Kisanduku kilikuwa cha kijivu, na chini yake maneno mawili: Huna ruhusa. Akabonyeza tena. Mgeni mmoja akacheka kidogo.

"Hanadi, nifungulie," alisema, akimgeukia alipokaa nyuma ya wageni.

"Irudishe kwa Bi Itaf, uandike sababu."

"Hanadi. Ni mimi."

"Naona kwamba ni wewe."

Kwenye korido uso wa Muutasim ulikuwa mwekundu. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nimefunga kisanduku. Wewe sijakufunga."

"Ungekuwa unaniamini ungeniacha." Akatazama pembeni. "Siwezi kuwaleta wazee wangu kwenye nyumba ambayo binti yake hauamini mkono wangu. Mwambie baba yako Ijumaa tusingojewe."

Baada ya chakula cha mchana bosi wao, Bwana Nawwar, alimfuata Hanadi kwa sauti ya upole. Aliomba jina moja tu liongezwe kwenye orodha ya wenye ruhusa, la Muutasim, na yaishe.

"Bosi, nikiongeza jina la mchumba wangu, kesho utaniomba la shemeji yako."

"Na ukiikosa posa?"

"Nitaikosa."

Alilisema hilo bila kutikisika. Kisha akaenda msalani, akalia mpaka wanja ukamchuruzika, kwa sababu alimpenda yule mwanamume kuliko alivyowahi kumwambia. Akanawa, akapaka wanja upya, akarudi mezani. Orodha hakuigusa.

Alasiri hiyo Muutasim aliirudisha tiketi. Bi Itaf akampigia muuguzi, waya ukakazwa, na Uzito ukawa Kawaida ndani ya dakika ishirini. Maneno yakazunguka ghorofa nzima kwamba bibie ameiponza posa yake kwa kitu cha dakika ishirini.

"Mwanangu," Bi Itaf alimwambia, "kijana alikuwa sahihi."

"Najua, khala," Hanadi alijibu, kama mtu anavyomwita mama mdogo.

"Na bado hutamfungulia?"

"Na bado."

Alhamisi Muutasim hakuja kazini. Viti vilivyoazimwa vilikuwa vimepangwa sebuleni kwa akina Hanadi, na mama yake alivipita bila kuviangalia. Simu iliita baada ya sala ya alasiri.

"Nimesoma tangazo lako," Muutasim alisema.

"Umechelewa siku kumi."

"Nimelisoma mpaka chini, kwenye orodha ya walioondolewa ruhusa. Jina la kwanza ni lako."

Hanadi alivuta kiti kimoja cha kuazima, akakaa.

"Mfumo mzima umeujenga wewe, na kisanduku hicho huwezi kukigusa?"

"Siwezi. Mimi si mpimaji."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nawwar amesema ataleta fundi wa nje aniongeze bila wewe kujua. Nimemwambia akifanya hivyo naacha kazi." Sauti yake ikashuka. "Nilitaka niwe mtu asiyehusika na sheria zako. Nimeona aibu, Hanadi. Nisamehe."

"Baba ameshasikia kila kitu. Amekasirika."

"Nakuja kesho na wazee, anikasirikie mbele yao."

Wakaja wote arobaini. Hanadi alikaa chumba cha wanawake, amevaa gauni jeusi lililotariziwa nyekundu na mkono wa mama yake, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. Kahawa ikazungushwa. Mzee wa akina Muutasim aliweka kikombe chake mezani bila kukigusa, kama desturi inavyotaka mpaka ombi lijibiwe, na wengine wote wakaweka vyao. Akasema maneno ya kuposa, marefu na mazuri.

Fawwaz, baba yake Hanadi, mwalimu mstaafu wa hisabati, hakumjibu. Alimwangalia bwana harusi, ambaye siku kama hiyo hapaswi kufungua mdomo.

"Kijana. Nasikia binti yangu alikufungia mbele ya wageni. Umekuja kuposa, au umekuja ufunguliwe?"

Wazee walitazamana. Huku ndani mama yake Hanadi alimshika mkono binti yake.

Muutasim alisimama. "Ami, mpaka leo jina langu halimo kwenye orodha ya wenye ruhusa, wala sitaki liwemo. Nimekuja kumposa aliyeliondoa."

Hanadi alijiona mrefu kuliko mlango. Kule sebuleni baba yake akaisogeza meza karibu na wageni.

"Kunyweni kahawa," alisema. "Inapoa."